Kinga Kabla ya Sindano: Historia Fupi ya Maneno ya Pua na Koo

1. Swali kutoka Mabamba

Mabamba ni kata ya wilaya ya Kibondo, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, kwenye mpaka wa Tanzania na Burundi. Mtu anayefanya kazi ya kufasiri huko hushughulika na lugha tatu kwa siku moja: Kiha cha wenyeji, Kirundi cha wanaovuka mpaka, na Kiswahili cha ofisi, shule na zahanati. Kazi hiyo iliongezeka sana tangu mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipowaleta tena wakimbizi wengi katika mkoa huo.

Mfasiri mmoja wa huko alituletea swali ambalo limetushughulisha kuliko tulivyotazamia. Alikuwa amepewa kijikaratasi cha kuwaeleza wazazi jinsi ya kuwalinda watoto na maradhi ya njia ya hewa. Humo imeelezwa kwamba mwili una kinga ambayo mtu huzaliwa nayo, ambayo huanzia puani na hufanya kazi kabla ya chanjo yoyote. Yeye aliandika «kinga ya asili». Aliposoma mbele ya akina mama, mmoja wao akauliza kwa adabu: kinga hiyo hutengenezwa kwa majani ya mti gani?

Swali hilo lilikuwa la haki. Katika Kiswahili cha leo dawa ya asili ni mitishamba, mganga wa asili ni mganga wa kienyeji. Basi kinga ya asili itakuwa nini kama si majani, mizizi au hirizi? Kosa halikuwa la msikilizaji. Lilikuwa letu sisi tunaotunga na kusanifu maneno.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi lugha yetu ilivyofika hapo. Dai letu ni hili: neno *kinga* lilikuwa na maana inayoifaa pua kabisa, lakini historia ya tiba ililivuta neno hilo upande wa ngozi, sindano na damu, na viungo vya pua na koo vinavyolinda mwili vikabaki na majina ya uchafu au ya ugonjwa. Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Kama tutakavyoonyesha, kuna watoto wanaokatwa kwa wembe kwa sababu yake.

2. Kazi ya pua na koo

Kabla ya kulichunguza jina inafaa tukitazame kitu chenyewe. Mtu mzima huvuta yapata lita 10,000 za hewa kwa siku. Hewa hiyo huja na vumbi, moshi, chavua, bakteria na virusi. Nywele za mlangoni mwa pua huzuia vumbi kubwa. Ndani zaidi njia hupindapinda, na hewa inapogeuka, chembe nyingi hushindwa kugeuka nayo, zikagonga kuta na kunaswa katika ute. Wakati huohuo hewa hupashwa joto na kutiwa unyevu, ili ifikapo mapafuni isiyakaushe.

Ute huo haukai mahali pamoja. Seli za kuta za pua zina vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo silia, ambavyo hupiga kasia kwa pamoja mara 10 hadi 20 kwa sekunde, vikausukuma ute kuelekea kooni. Huko humezwa, na asidi ya tumbo huua sehemu kubwa ya vijidudu vilivyonaswa. Madaktari huweza kuipima safari hiyo kwa kuweka chembe ya sakarini puani. Kwa mtu mwenye afya utamu husikika kooni katika muda usiozidi nusu saa. Chafya na kikohozi ni njia za haraka za kufanya kazi hiyohiyo.

Wala ute si gundi tu. Mwezi Novemba mwaka 1921 Alexander Fleming, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya St Mary's, London, alichunguza kamasi la pua yake mwenyewe alipokuwa na mafua. Aliona kwamba lilikuwa na kitu kinachoyeyusha bakteria. Mwaka 1922 alikitangaza kimeng'enya hicho, kiitwacho lisozimu, ambacho kimo pia katika machozi na mate. Hiyo ilikuwa miaka sita kabla hajaigundua penisilini iliyomletea sifa duniani. Leo tunajua kwamba ute una silaha nyingine pia: protini zinazoyanyima bakteria madini ya chuma, na nyingine zinazotoboa ngozi zake.

Adui akipenya ute, seli za kuta humtambua kwa alama za jumla ambazo vijidudu vya aina yake huwa nazo. Seli iliyoshambuliwa na kirusi hutoa intaferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Hiyo huzionya seli jirani zijiandae. Kisha huja seli zinazomeza vijidudu. Elie Metchnikoff aliziona zikifanya kazi mwaka 1882 huko Messina, Italia, alipowachoma kwa miiba viluwiluwi vya kiti cha pweza na kukuta seli zimeuzunguka mwiba. Kwa kazi yake juu ya kinga alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908.

Mambo matatu huitofautisha kinga hii na ile ya chanjo. Kwanza, mtu huzaliwa nayo. Pili, hufanya kazi mara moja, pasipo kungoja siku kadhaa. Tatu, haibagui adui mmoja mmoja, wala kwa kawaida haimkumbuki kwa jina kama ile nyingine ifanyavyo.

Kinga hii hudhoofika pia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwa kutumia seli za njia ya hewa za panya kwamba kirusi cha mafua ya kawaida huzaana zaidi katika ubaridi wa puani kuliko katika joto la ndani ya mwili, kwa sababu katika ubaridi huo seli hujitetea kwa unyonge. Wazee wanaowafunika watoto asubuhi za kiangazi katika nyanda za juu hawakukosea kabisa, ijapokuwa baridi peke yake, pasipo kirusi, haileti mafua. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huziharibu silia. Upungufu wa vitamini A huharibu kuta za njia ya hewa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwapa watoto matone ya vitamini hiyo. Mfasiri wa Mabamba anayataka maneno haya kwa kazi, si kwa pambo.

3. Safari ya neno *kinga*

Tukifungua kamusi za kale za Kiswahili, pamoja na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, tunaona kwamba kitenzi *kinga* kina pande mbili. Upande mmoja ni kuzuia: kukinga mvua, kukinga jua, kukinga pigo. Upande wa pili ni kupokea kitu kinachoanguka au kinachopita: kukinga maji ya paa kwa ndoo, kukinga mikono ili kupokea. Anayekinga maji hayafukuzi. Huyatega na kuyakusanya. Basi kitendo cha ute wa pua, yaani kutega kinachopita na kukikusanya, kimo ndani ya kitenzi hiki tangu zamani. Ni nadra kwa lugha kuwa na neno linalolingana na jambo la kitaalamu kwa ukaribu namna hii.

Hata jirani zetu wanalo. Katika Kirundi *gukinga* ni kuzuia na kulinda. Katika Kinyarwanda chanjo yenyewe huitwa *urukingo*, kutokana na mzizi huohuo. Mfasiri wa mpakani anaposema *kinga*, msikilizaji wake anayezungumza Kirundi hahitaji kuelezwa mengi.

Kwa nini basi neno hili likaihama pua? Jibu lapatikana katika historia ya tiba. Utaalamu mpya wa kuzuia maradhi ulipofika katika nchi zetu ulipitia ngozini. Ndui ilipigwa vita kwa kuchanja, yaani kukwaruza ngozi na kutia dawa, na kutokana na kitenzi hicho tukapata *chanjo*. Vita hivyo vilifika mwisho katika Afrika Mashariki yenyewe: mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Huko Kibondo adui mkubwa wa miaka ya 1930 alikuwa malale, hata serikali ya kikoloni ikawahamishia watu wengi katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o. Ugonjwa huo nao huingia kwa kuumwa ngozini, na wakati huo ulitibiwa kwa sindano. Kwa vizazi kadhaa, basi, mtu wa Kibondo aliyesikia habari za kukingwa alisikia habari za ngozi kutobolewa.

Baada ya Uhuru Kiswahili kilichukua kazi nzito zaidi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mwaka huohuo shughuli za serikali zikaagizwa kuendeshwa kwa Kiswahili. Mwaka 1973 kampeni ya «Mtu ni Afya» iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, wakajifunza juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kampeni hiyo ilifundisha mengi juu ya vyoo, maji, mbu na nyumba. Mkazo wake, kwa haki kabisa, ulikuwa katika kumzuia adui nje ya mwili. Mwaka 1975 mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza, na *kinga* na *chanjo* zikazidi kuwa kama neno moja.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Jina lililotungwa, Ukosefu wa Kinga Mwilini, ambalo baadaye lilirekebishwa kuwa Upungufu wa Kinga Mwilini bila kuharibu kifupisho chake, ni miongoni mwa kazi bora za utungaji wa istilahi katika lugha yetu. Ni fupi, hutamkika, na maana yake imo ndani yake. Kwa mara ya kwanza wananchi wote walijifunza kwamba kinga si kitu cha kuletwa na mganga tu, bali ni kitu kilichomo mwilini. Lakini faida hiyo ilikuja na gharama yake. Tangu hapo kinga ya mwili ikawa kitu cha damuni, kinachopimwa kwa damu na kinachopungua kwa damu. Pua haikuwa na nafasi katika picha hiyo.

Pua ilirudi mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa mwezi Machi mwaka huo, na ghafla taifa zima likawa linazungumza juu ya pua na mdomo. Lugha ilijibu upesi. *Barakoa*, lililokuwa jina la vazi la kufunika uso la wanawake wa Pwani na Zanzibar wenye mila za Oman, likawa neno la kila siku kutoka Unguja hadi Kibondo. *UVIKO-19* likatungwa kwa mfano wa UKIMWI. Tukapata jina la ugonjwa na jina la kitambaa cha nje ya pua, lakini hatukupata jina la mlinzi aliye ndani yake.

4. Mlinzi aliyepewa jina la ugonjwa

Tumesema kwamba pua na koo zilibaki na majina mabaya. Tutoe mifano.

*Kamasi* ni neno la aibu. Mtoto mwenye kamasi huonekana kuwa mchafu, na kumwita mtu mwenye makamasi ni kumtukana. Hatusemi kamasi lisifutwe; usafi ni wajibu. Tunasema kwamba lugha haina namna ya heshima ya kulitaja linapokuwa kazini. Neno *ute* lipo, nalo linafaa, kwa kuwa halina dharau. Katika Kirundi neno *ibicurane* hutaja ugonjwa, yaani mafua. Mfasiri asilitumie mahali pa ute.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Nyuma ya kinywa, juu ya shina la ulimi, huning'inia kinyama kidogo ambacho kamusi hukiita *kimio* au *kilimi*, na wengine *kidakatonge*. Kinyama hicho husaidia kuziba njia ya pua mtu anapomeza, na tezi zake hulowanisha koo. Kila mtu anacho. Lakini katika sehemu mbalimbali za Tanzania watu husema «mtoto ana kimeo», na maana yake si kwamba ana kiungo hicho bali kwamba anaumwa: anakohoa sana, anatapika, hanenepi. Jina la kiungo limegeuka jina la ugonjwa. Na ugonjwa ukiwa na jina la kiungo, tiba hujitaja yenyewe: ni kukikata kiungo. Hivyo watoto wengi wamekatwa kimeo kwa wembe au kisu, wakapata madhara ya kutokwa na damu nyingi na kuambukizwa vijidudu vya jeraha. Na kikohozi chenyewe, ambacho huenda kilikuwa cha nimonia au kifua kikuu, kikaachwa kiendelee bila kutibiwa.

Mfano wa tatu ni *findo*, wingi wake *mafindo*: vile vivimbe viwili vilivyo kando ya koo. Mwaka 1884 Mjerumani Heinrich Waldeyer alieleza kwamba vivimbe hivyo, pamoja na vingine vya nyuma ya pua na ulimi, hufanya pete inayozunguka mlango wa koo. Leo tunajua kwamba hapo ndipo kinga ya kuzaliwa nayo hukutana na kinga inayojifunza. Lakini katika usemi wa kawaida mtoto «ana tonsesi», kana kwamba wasioumwa hawana. Kiswahili sanifu kilikwisha kutofautisha vizuri: *findo* ni kiungo, *mafindofindo* ni ugonjwa wa kuvimba kwake. Tofauti hiyo imepotea midomoni mwa watu, nasi tuliacha ipotee.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la waganga wa kienyeji pekee. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 madaktari wa Uingereza na Marekani waliwakata mafindo watoto wengi mno, hata wasiokuwa na sababu ya kutosha, mpaka desturi hiyo ilipopunguzwa kwa ushahidi wa baadaye. Mlinzi aliyevimba kwa kupigana alidhaniwa kuwa ndiye adui. Tofauti ni kwamba huko kosa lilirekebishwa hospitalini. Kwetu sehemu ya marekebisho iko katika lugha. Muuguzi anayemwambia mama «mwanao hana kimeo» hasemi kweli, na mama akifungua kinywa cha mtoto ataona kimeo kipo. Afadhali aseme: «kimio cha mwanao ni kizima, kinachomsumbua ni kikohozi, na sababu ya kikohozi iko kifuani.»

5. Jina gani linafaa?

Turudi kwenye swali la Mabamba. Tumepima majina manne.

*Kinga ya asili* lina kasoro mbili. Ya kwanza ni ile aliyoifunua mama yule: neno *asili* limekwisha kutwaliwa na mitishamba. Ya pili ni kwamba wengine hulitumia kwa kinga apatayo mtu baada ya kuugua na kupona, ambayo ni kitu kingine kabisa. Neno moja likiwa na maana tatu mbele ya wazazi wanaoamua juu ya chanjo ya mtoto, madhara yake si madogo.

*Kinga ya maumbile* ingefaa kwa maana, lakini *maumbile* siku hizi hutumika kwa staha kutaja sehemu za siri, na mwalimu darasani atapata shida.

*Kinga ya silika* ni zuri kwa wasomi. *Silika* ni tabia ambayo kiumbe huzaliwa nayo pasipo kufundishwa. Lakini neno lenyewe halijulikani sana vijijini, nalo huhusu tabia zaidi kuliko mwili.

*Kinga ya kuzaliwa nayo* ni refu, lakini linaeleweka mara moja. Hoja moja dhidi yake ni kwamba mtoto huzaliwa pia na kingamwili alizopewa na mama yake tumboni. Hoja hiyo ni ya kweli. Nasi tunaijibu kwa kuziita hizo *kinga ya mama*, kwa kuwa hazikutengenezwa na mtoto na hupungua baada ya miezi kadhaa. Tunapendelea jina refu linaloeleweka kuliko fupi linalopotosha.

6. Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza wafasiri, walimu na watumishi wa afya watumie maneno yafuatayo, huku tukingoja maoni yao:

kinga ya kuzaliwa nayo: ulinzi wa mwili ambao mtu huzaliwa nao, usiobagua adui na usiongoja kufundishwa.

kinga ya kujifunza: ulinzi unaomtambua adui maalumu na kumkumbuka, ama baada ya kuugua ama baada ya chanjo.

kinga ya mama: kingamwili anazopewa mtoto na mama yake tumboni au kwa maziwa.

kingamwili: protini maalumu inayomshika adui mmoja. Neno hili lisitumike kwa kinga yote ya mwili, kama ifanyikavyo mara nyingi magazetini.

ute wa pua: jina la kitaalamu la umajimaji unaonasa vumbi na vijidudu. *Kamasi* libaki kwa kile kinachotoka nje, na *kohozi* kwa kile kinachotoka kifuani.

silia: vinywele vya seli vinavyousukuma ute.

kimio na findo: viungo tu, kamwe yasiwe majina ya magonjwa. Palipo na ugonjwa isemwe *kuvimba kimio* au *mafindofindo*.

Na kwa yule mfasiri wa Mabamba tunapendekeza aandike hivi: «Pua ya mtoto hukinga vijidudu kama ndoo inavyokinga maji ya paa, ute huvinasa, na mwili huviondoa. Hiyo ni kinga ambayo mtoto huzaliwa nayo. Chanjo huufunza mwili kinga ya pili, ili zote mbili zifanye kazi pamoja. Usimpikie moshini, umnyonyeshe, umpatie chanjo na matone ya vitamini A, na akikohoa na kupumua kwa shida umpeleke zahanati. Usimkate kimio.»

Maneno hayo hayana hata neno moja jipya. Yote yalikuwamo katika lugha. Yalihitaji kurudishwa mahali pake. Wenye maoni tofauti, hasa walioko Kibondo na Kasulu wanaosikia kila siku jinsi maneno haya yanavyopokewa katika Kiha na Kirundi, tunawaomba watuandikie kabla orodha hii haijapelekwa kusanifiwa.